Semina ya Mahindi Yasiyokuwepo

Wakulima wa Gitting, chini ya Mlima Hanang, wana bahati. Wanafundishwa kuyaogopa mahindi ambayo hata wakiyatafuta kwa tochi hawayapati.

Mahindi yenyewe, ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, ndani ya uzio, kuona kama yatahimili ukame. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na masalia yateketezwe. Januari 2021 waziri akayapiga marufuku tena. Marehemu wa aina hii huzikwa mara mbili. Oktoba 2022 Kenya ikaondoa marufuku yake ya GMO ya miaka 10, nasi tukaahidi ulinzi mkali mipakani, kana kwamba punje ya hindi hugonga muhuri wa pasi pale Namanga.

Elimu kwa umma haikuteketea. Mtaalamu huyu anasema jeni ya bakteria wa udongoni iliyotiwa kwenye mahindi hayo haina neno. Mwanaharakati yule anasema wanaume watakosa watoto. Katikati, umma umejielimisha wenyewe: tikiti likizidi ukubwa ni GMO, kuku wa wiki 5 ni GMO, na mahindi chotara, ambayo ni mimea miwili iliyooana kihalali, nayo ni GMO. Tena yanapandwa kila msimu na hao hao wanaoyalaani.

Mkulima akinyoosha mkono kwenye semina kuuliza kuhusu mbegu feki, zile za kupakwa rangi zisizoota kabisa, huambiwa hilo liko nje ya mada, na chai ipo tayari.