Sifa za Msomaji Mlalamishi

Mwaka 1511 Erasmus alichapisha kitabu cha kuusifu upumbavu, na wasomi wanakisoma mpaka leo bila kuona aibu. Ikiwa upumbavu umepata wakili, sioni sababu msomaji mlalamishi aendelee kusimama kizimbani peke yake. Namsema yule anayefunga riwaya, anavua miwani, anashusha pumzi na kutoa hukumu: kitabu kizima, na hakuna kilichotokea.

Mtu huyu ameonewa vya kutosha. Wahakiki humwita mvivu, waandishi humwita mshamba. Mimi nasema hana mfano, na ushahidi wangu ni Big If, riwaya ya kuchekesha ya Mmarekani Mark Costello, iliyotoka mwaka 2002 na kuingia fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huohuo.

Riwaya inahusu walinzi wa makamu wa rais anayewania urais. Ni majira ya baridi, kampeni za mchujo zimefika jimbo la New Hampshire, na aliyenunua kitabu anajua alichokifuata: miwani myeusi, msafara wa magari, mtu anayejitupa mbele ya risasi. Costello anampa nini? Anampa bima. Vi Asplund, mmoja wa walinzi hao, ni binti wa Walter, mtathmini wa madai ya bima asiyeamini Mungu, ambaye huzishika noti za dola na kulikata kwa kalamu jina la Mungu katika ile kaulimbiu iliyochapwa juu yake. Tukitoka kwa Walter tunakwenda kwa Jens, kaka yake Vi, anayeandika programu za mazimwi ya mchezo wa kompyuta. Jens ana mke, mke ni dalali wa nyumba, haya, twende tukaone nyumba. Yupo Tashmo, mlinzi mkongwe wa tangu enzi za Reagan, ambaye nafsi yake mwenyewe alishindwa kuilinda na wanawake. Yupo Gretchen, mkuu wa kikosi, mama anayelea kijana wake peke yake. Kila mmoja ana kichochoro chake na Costello anaingia vyote, naye msomaji wetu yuko palepale barabarani, anamsubiri muuaji.

Hapo ndipo mlalamishi anapoonyesha utukufu wake. Kwanza, ni mtu wa kweli. Huwezi kuapa kwamba hakuna kilichotokea katika kitabu ambacho hukukimaliza, kwa hiyo amekimaliza. Linganisha na wale wanaokiita kitabu “kazi nzito” ilhali alama yao imelala ukurasa wa arobaini tangu Ramadhani iliyopita. Kati ya anayesifu asichokisoma na anayelaani alichokisoma neno kwa neno, mimi namjua wa kumwazima kitabu.

Pili, na hili ndilo kubwa, yeye peke yake ndiye aliyekielewa kitabu, ingawa ukimwambia atakasirika. Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Secret Service, idara ya walinzi hao, iliundwa mwaka 1865 kupambana na noti bandia. Ulinzi wa rais ulifuata baada ya Rais McKinley kupigwa risasi kule Buffalo mwaka 1901 akiwa anapeana mikono na wananchi. Wagombea urais nao walianza kulindwa baada ya Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968. Tangu hapo kuna watu wazima wanaolipwa mshahara wasimame kwenye vijia vya hoteli, walinde lifti, watazame mikono ya watu waliokuja kushangilia. Tarehe 30 Machi 1981, nje ya hoteli ya Hilton jijini Washington, John Hinckley alifyatua risasi sita katika muda usiofika sekunde mbili. Mlinzi Tim McCarthy alijitanua akapokea moja tumboni, mwenzake Jerry Parr akamsukumia Reagan ndani ya gari. Wote wanne waliojeruhiwa, rais akiwamo, walitoka hospitali wakiwa hai. Sekunde mbili! Kabla yake miaka ya kusimama, baada yake miaka ya kusimama. Siku ambayo hakuna kilichotokea ndiyo siku ambayo mlinzi ameifanya kazi yake vizuri.

Sasa mtazame msomaji wetu. Amekaa macho ukurasa baada ya ukurasa. Kila mhusika mpya anamshuku. Mgongo unamuuma, kahawa imepoa, na bado hakuna aliyechomoa silaha. Costello, ambaye aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, amemwajiri mtu huyu katika kikosi bila mkataba wala posho, na malalamiko yake ni ripoti ya zamu iliyoandikwa kwa usahihi usio na kifani.

Sikatai kwamba ana kasoro. Ukimbana, kinachomuuma ni kwamba makamu wa rais hakupigwa risasi mapema na mbele ya macho yake, kama bei aliyolipa ilivyomstahilisha. Matakwa hayo, Vi akiyasoma usoni mwa mtu kwenye umati, angemtoa pembeni amkague mifuko. Lakini nani kati yetu amewahi kufungua kitabu cha walinzi akiomba dua wote wafike nyumbani salama?

Isitoshe, vitabu vinamhitaji. Laurence Sterne alianza kuchapa Tristram Shandy mwaka 1759, riwaya ya mtu anayesimulia maisha yake na kuchepuka mno hata kuzaliwa kwenyewe kunasubiri juzuu la tatu. Mwaka 1776 Samuel Johnson, mtunga kamusi na mlalamishi wa daraja la juu, alisema kwamba kitabu hicho hakikudumu. Bado kinachapishwa. Na kila anayekitaja hukumbuka kwamba Johnson alikikataa, jambo ambalo ni tangazo bora kuliko sifa za maprofesa kumi. Mimi nikisikia mtu anafoka kwamba ameuziwa hadithi ya risasi akapewa bima na bei za nyumba, nauliza kitabu kinapatikana wapi. Anayeniambia ni kizuri sana, basi, namshukuru nakwenda zangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiipata Big If, isome hadi mwisho bila kuruka sura ya bima, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote. Kisha lalamika. Lalamika kwa jirani, lalamika kwa shemeji, taja ukurasa uliokuudhi zaidi. Ila kitabu chenyewe usikitupe. Kuna mtu atakuja kukiazima kwa sababu ya kelele zako.