Ndugu wa Kitanda Namba 11

Jumatatu
Mume wangu amevunjika paja. Bodaboda iliyombeba iliteleza kwenye mchanga. Dereva alichubuka kiwiko, akajipangusa, akadai nauli yake. Hospitali wamempa huduma ya kwanza, lakini ili waendelee wanataka PF3, hivyo nikaenda polisi. Askari akauliza jina, nikataja langu. Akauliza umeumia wapi, nikasema paja la kulia. Akaandika yote bila kuinua macho, akagonga muhuri. Nimefika hospitali na karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba aliyevunjika ni mimi, na nimekuja nayo kwa miguu.

Jumanne
Mguu umefungwa kamba inayopita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na chini yake vinaning'inia vyuma vya uzito. Daktari ameeleza kwamba mfupa wa paja ukivunjika, misuli hujikunja na kuzivuta ncha mbili zipandane. Uzito unazishikilia mahali pake hadi zamu yetu ya kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Mume wangu ni fundi magari. Ameuliza kwa nini hawatumii jeki.

Jioni ameniomba nimkune unyayo. Nilipoinama, kikapu cha chakula kikagonga vile vyuma. Hadi jana walinzi na manesi walikuwa wakiniita Ndugu wa Kitanda Namba 11. Sasa wodi nzima inalijua jina langu.

Jumatano
Wageni. Wanakuja kumwona mgonjwa, halafu habari za mgonjwa wananiuliza mimi, wakati yeye yuko palepale anatafuna chungwa. "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Nimeisema hiyo kutwa nzima. Jioni kuna mtu alipiga simu amekosea namba, nikamwambia naye kuwa anaendelea vizuri. Akasema amefurahi kusikia.

Kila mgeni ana ndugu yake aliyewahi kuvunjika paja, na katika ndugu wote hao hakuna hata mmoja aliyerudi kutembea sawasawa. Wakishamaliza kusimulia wanaacha juisi ya boksi. Kabati limejaa. Mzee wa kitanda namba 12 anatusaidia kuzipunguza tukigeuka.

Alhamisi
Tumetakiwa kuleta watu wawili wa kuchangia damu. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyeandika kwenye kundi la ukoo kwamba damu anayo ya kumtosha kaka yake na majirani zake. Mzani ukasema kilo 47, na wao wanataka zisipungue 50. Akaomba avue viatu apimwe upya. Shemeji mdogo alichangia mwezi uliopita kwingine, na mwanamume anapaswa kukaa miezi mitatu kabla ya kutoa tena. Nikabaki mimi. Kwenye uzito nimepita bila mjadala. Presha ndiyo iliyokataa. Nesi amenishauri nipumzike, nisiwe na mawazo. Nimemwuliza niyaache wapi. Akanionyesha benchi.

Waliochangia ni vijana wawili wa gereji yake, ambao kwenye kundi hawamo kabisa.

Ijumaa
Kitandani kulibandikwa karatasi: asile wala asinywe chochote kuanzia saa 6 usiku. Mama mkwe hasomi bila miwani, na miwani ameiacha Kilwa. Aliingia alfajiri, kwa njia ambayo mlinzi wa getini bado anaichunguza, akiwa na chupa ya uji wa ulezi uliotiwa karanga. "Mwanangu hapasuliwi na njaa," alisema. Vikombe viwili. Daktari wa usingizi alipomwuliza, mume wangu akajibu hajatia kitu mdomoni. Uji ulikuwa kwenye masharubu.

Upasuaji umesogezwa hadi Jumanne. Chakula kikiwa tumboni, dawa ya usingizi inaweza kukifanya kipande na kuingia kwenye mapafu. Nimemweleza mama hayo kwa heshima zote. Amesema uji wake haujawahi kumpanda mtu. Nikamwitikia, "Sawa, mama," nikaenda bombani kuosha chupa. Nimeiosha hadi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza kama ni yangu.

Jumamosi
Usiku luku imekata. Nimenunua umeme kwa simu, nikabonyeza tarakimu zote 20 gizani. Imekataa. Nimeanza upya, na kwenye tarakimu ya 19 kidole kikateleza. Hapo nikakaa chini ya mita nikalia. Siku ya ajali sikulia. Walipokuwa wakimvuta mguu sikulia, na uji niliumeza kimyakimya. Nimelilia tarakimu ya 19, kwa sauti, hadi kanga ikalowa.

Jirani akaja mbio na tochi. Akanimulika usoni, hakuuliza kitu, akapiga yowe.

"Ni umeme, mama," nikamwambia.

"Lia, mwanangu," akasema. "Usijizuie."

Jumapili
Nimeamshwa na kijana wa maturubai akitaka kujua lifungwe upande gani. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshashushwa, moto umeshawashwa uani, na mjumbe wa nyumba kumi ameshafungua daftari la rambirambi. Tajiri wa gereji alipiga simu ya marehemu ili azungumze na mjane. Marehemu akapokea mwenyewe. Tajiri akakata.

Nilidhani mume wangu atakasirika. Ametaka tu kujua nani ametoa elfu mbili.

Michango imerudishwa, isipokuwa ya turubai. Lakini chai ilikuwa imeshachemka na maandazi yameshaletwa, kwa hiyo wanawake hawakuona sababu ya kuondoka. Wakanitandikia mkeka, mmoja akachukua kikapu akapeleka chakula hospitali, mwingine akaniambia ninyamaze wakati sijasema kitu. Nimelala katikati yao, wakipiga soga juu ya kichwa changu, hadi mchana. Tangu ajali sijalala hivyo. Kumbe ingebidi afe.

Jumatano
Upasuaji ulifanyika jana. Muda wote nilikuwa kwenye benchi la nje. Mlango wa chumba cha upasuaji una bawaba tatu, ya katikati inahitaji mafuta. Zaidi ya hapo sina la kuandika.

Alitoka akiwa macho, kwa kuwa ganzi ilikuwa ya mgongo. Alinishika mkono, nikajiandaa. Akasema amesikia nyundo kwa masikio yake, na kwamba yule daktari angefaa gereji. Picha ya eksirei inaonyesha chuma kirefu ndani ya paja na skrubu juu na chini. Anamwonyesha kila apitaye jinsi kazi ilivyokwenda. Mfagiaji ameshaonyeshwa asubuhi na mchana.

Jumatatu
Ameruhusiwa, na magongo. Kwenye malipo mtandao ulikuwa umekatika, tukakaa na kontroo namba mkononi tangu asubuhi hadi alasiri, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi wima. Mtu mmoja akanipa pole. Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa akimwangalia yeye.

Jioni sebule imejaa. Anasimulia ajali, nyundo, skrubu. Amefika kwangu akasema, "Huyu mke wangu ni jasiri. Hakulia hata siku moja." Jirani mwenye tochi alikuwa amekaa karibu na mlango. Akakohoa kwa muda.

Saa 8 usiku nimesikia kijiko kikigongwa kwenye ukingo wa kitanda. "Sista!" Nimemjibu kwamba zamu imebadilika. Akanyamaza, halafu akauliza kwa adabu zamu nyingine inaingia saa ngapi. Nimemwambia saa moja na nusu.