Barua ya Wazi kwa Afande wa Kaunta

Kwako Afande,

KUH: OMBI LA GWARIDE LA UTAMBUZI

Pole kwa kazi ya usiku. Natumai kitabu cha OB hakijambo. Sisi hatukukichafua hata mstari mmoja.

Utatukumbuka. Tulikuja alfajiri, mimi na soja wa bohari inayotazamana na ploti yetu, yule mzee wa koti refu na rungu. Taarifa yake ilikuwa fupi: saa saba usiku, taa tatu, moja nyekundu, zilisimama juu ya paa la bohari bila mlio, kisha zikaondoka pamoja. Hakutaja Mirihi wala majini. Ulifungua biro, ukamtazama, ukauliza, "Mzee, ulikuwa umekunywa nini?" Akasema chai. Ukafunga biro. Ukamweleza kuwa aliyoiona ni nyota ya asubuhi, aende akalale.

Tunashukuru kwa uchunguzi wa haraka namna hiyo. Ila Zuhura, Afande, haiachani na jua. Ama hulifuata baada ya magharibi, ama hulitangulia kabla ya mapambazuko, na huku kwetu penye ikweta, saa saba usiku haipo angani. Mzee anayajua haya kunishinda, maana nyota hiyo ndiyo humwambia kwamba zamu inakaribia kwisha.

Nilidhani ustadi huu ni wa kituo chenu peke yake, kumbe mna ukoo. Jeshi la Anga la Marekani lilipokea taarifa kama ya mzee tangu 1947 hadi 1969, katika mradi uliokuja kuitwa Blue Book. Zilifika 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Machi 1966 watu wa Michigan walipoona taa, mwanafalaki wa mradi, J. Allen Hynek, aliwaambia waandishi wa habari mjini Detroit kuwa huenda ni gesi ya kinamasi. Watu walichemka mpaka mbunge wao, Gerald Ford, akadai Congress ichunguze. Mwezi uliofuata, huko Ohio, naibu sherifu na mwenzake walikifukuza kitu angani kwa gari zaidi ya kilomita 130, hadi Pennsylvania. Hao ni askari wenzenu, Afande, wenye sare na redio. Wakaambiwa ilikuwa setilaiti, halafu Zuhura. Yaani watu wazima wawili wamekimbiza sayari mpaka wakavuka jimbo.

Ndiyo maana tunaomba gwaride. Kanuni mnazijua: wapangwe wanaokaribiana kwa sura, shahidi asiwaone mapema, apite mbele yao na kumgusa bega anayemtambua. Uwanja wa nyuma ya kituo, penye pikipiki zilizoshikwa, utatosha. Zuhura asimame wa kwanza kwa kuwa ndiye mshukiwa sugu, mwenye kesi mabara yote, na aelezwe haki yake ya kuwa na wakili. Kwa kuwa hana bega, avalishwe koti. Puto la hali ya hewa lishikiliwe kwa kamba na kurutu mzito. Gesi ya kinamasi ije ndani ya chupa, na sigara zizimwe kabla ya kufungua kizibo. Kimondo hajazoea foleni, huyo aruhusiwe kupita mbio. Setilaiti za Starlink hazitawasumbua, hutembea kwa mstari zenyewe kama watoto wa nasari. Korongo wapewe samaki ili watulie. Wa saba awe chupa ya chang'aa, maana ndiye mnayemtaja kabla hamjamsikiliza mtu. Mzee akimaliza kupita bila kumgusa yeyote, afisa wa gwaride ajaze fomu: shahidi hakumtambua. Aandike hivyo tu, apige mhuri.

Wa nane ni droni.

Hapo ndipo nashindwa kucheka. Kurusha droni Kenya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na droni inayosimama juu ya bohari ya watu saa saba usiku huenda inahesabu milango. Swali moja tu lingetosha: zilielekea wapi? Hukuuliza. Yule mzee analipwa kutazama gizani, ndiyo kazi yake, na siku aliyotazama akaona, mmemfanya mlevi mbele ya jirani yake. Mwenye bohari angepiga simu kutoka kitandani, bila kuona chochote, Land Cruiser ingefika kabla hajakata simu. Macho ya mwenye rungu hayana hadhi kwenu. Mnasubiri mwenye bohari aibiwe ndipo mumweke ndani mzee.

Samahani, Afande. Nimepandisha sauti kwenye ofisi ya serikali.

Tunajua vya angani mnavikubali pia, ilmradi vije na uzito. Tarehe 30 Desemba 2024, duara la chuma la mita 2.5 na kilo 500 hivi liliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaenda, likatangaza kuwa ni kipande cha roketi. Sijasikia mwanakijiji aliyeulizwa alikunywa nini. Kwa hiyo kiwango cha ushahidi tumeshakielewa: ni nusu tani. Chini ya hapo ni pombe.

Mengine ni madogo. Benchi la kaunta limevunjika mguu. Na mkitaka kujua tulichokunywa, trafiki wana alcoblow, waazimeni.

Mzee amekataa kurudi kwenu, kwa hiyo jibu lipitie kwangu, kwa maandishi. Siku ya gwaride chagueni wenyewe. Msipange saa saba usiku tu, kwa sababu saa hiyo Zuhura hapatikani.

Wako mtiifu,
Jirani wa bohari