Waheshimiwa, Tutawasubiri Hadi 2052

Kwa Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wote,
Majengo ya Bunge,
Nairobi.

MINT: PONGEZI KWA KUILINDA KATIBA ISITUMIKE

Waheshimiwa,

Natumai barua hii itawakuta nyote mmeketi ukumbini. Rekodi zenu zinanikataza kuapa, lakini adabu ni kumtakia mtu mema.

Nimeandika kuwapongeza. Wako wanaowaita wavivu, nami nimechoka kuwatetea kwenye matatu na saluni, kwa hiyo nimeona niyatie kwenye maandishi. Tangu tarehe 27 Agosti 2010 tuna Katiba ambayo Kifungu cha 27(8) kinasema chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na watu wa jinsia moja kupita thuluthi mbili. Kifungu cha 81 kinalirudia jambo hilo hilo kuhusu uchaguzi, pengine kwa sababu waandishi waliwajua. Kufikia leo sheria hiyo haijalala hata usiku mmoja ndani ya jengo lenu. Mvivu hawezi hilo. Wa serikali na wa upinzani, bunge baada ya bunge, watu wasioelewana hata kuhusu bei ya unga, mmekubaliana jambo moja bila kuitisha kikao.

Baadhi yenu mliingia juzi, kwa hiyo niwakumbushe kifungu hicho kilikotoka.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipovurugika, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wengine laki sita hivi wakafurushwa makwao. Nchi ikatafutiwa hoteli. Pale Serena, Nairobi, Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel waliwaketisha watu wanane. Upande wa PNU walikuwa Martha Karua, Sam Ongeri, Mutula Kilonzo na Moses Wetang'ula. Upande wa ODM walikuwa Musalia Mudavadi, Sally Kosgei, William Ruto na James Orengo. Wanne kwa wanne, na katika kila wanne mwanamke mmoja. Mashirika ya wanawake nayo yaliwapelekea wapatanishi waraka wao, maana waliojua yaliyokuwa yakitendeka kambini na mitaani, ubakaji ukiwamo, hawakuwa wamelala hotelini. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye iliyaandika mambo hayo kwa kirefu. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na katika Ajenda ya Nne ikapangwa mizizi ya ugomvi: ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi, na katiba mpya.

Wazo la thuluthi lilikuwapo tangu rasimu ya katiba ya Bomas, sikatai. Lakini rasimu ya Bomas iliishia kabatini. Kilichoifungua kabati ni makaburi ya 2008. Ndiyo maana hunishangaza mnapoizungumzia thuluthi hiyo kama msaada kwa kina mama, kitu cha kutolewa bajeti ikiruhusu. Ni kipengele cha mapatano ya amani. Upande mmoja ulishatimiza wake: watu waliacha kuuana, mkapata nchi ya kuongoza.

Hebu tazameni wale wanane waliko. Mmoja ni Rais. Mmoja ni Mkuu wa Mawaziri. Mmoja ni Spika wa Bunge la Kitaifa, yule yule anayewaambia mkae chini. Mmoja alichaguliwa gavana wa Siaya. Mmoja alipata kuwa seneta wa Kisii, na Mutula Kilonzo, Mungu amrehemu, alifariki 2013 akiwa seneta wa Makueni. Hao ni wanaume sita, na sita wote Katiba mpya iliwapa kiti. Dkt. Kosgei alitoka bungeni 2013. Karua aliwania urais 2013 akashindwa, akawania ugavana wa Kirinyaga 2017 akashindwa (na mwanamke, nisije nikaambiwa nimeficha), akawa mgombea mwenza 2022 wakashindwa. Sisemi kuna aliyewapangia. Nasema tu kwamba Serena iliwatoa wanane mlango mmoja, na njiani wawili wakaachwa.

Wala msidhani namlilia Karua kwa upole wake. Wafadhili hupenda kutusimulia kwamba mwanamke huletwa mezani kwa sababu ana moyo wa huruma. Karua wa Serena hakuwa na huruma ya kugawa. Alikuwa mgumu kuliko wanaume aliokaa nao. Na ni sawa. Hakuna anayempima mwanaume upole kabla ya kumpa kiti cha mazungumzo, na tungempima, Serena ingebaki na wahudumu peke yao.

Sasa tuje kwenye kazi yenu. Desemba 2012 Mahakama ya Juu iliwapa hadi tarehe 27 Agosti 2015 kuitimiza sheria hii, ingawa Jaji Mkuu Willy Mutunga alikuwa na maoni tofauti na wenzake. Siku ilipofika mkajiongezea mwaka. Machi 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akawapa siku 60. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye 2019. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge, kama Kifungu cha 261 kinavyoagiza. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, nanyi mkamaliza muhula wenu salama, mshahara ukiingia kila mwisho wa mwezi.

Lakini siku ninayoienzi mimi ni tarehe 27 Februari 2019. Mswada wa thuluthi ulihitaji kura 233. Waliohesabiwa ukumbini walikuwa 174. Basi, kura haikupigwa, na mswada ukafa hapo hapo. Naomba mlitafakari hilo kwa fahari: hakuna hata mheshimiwa mmoja aliyelazimika kusimama na kusema "la". Mama wa kijijini akimuuliza mbunge wake alipiga kura gani siku ile, atajibiwa kwa moyo mweupe kwamba hakuwahi kuupinga. Alikuwa na shughuli. Alikuwa mazishini. Gari liliharibika Mlolongo.

Wenye roho mbaya hutaja Mei 2013, wakati wabunge wapya, wengine hata hawajajua choo kiko upande gani, walipoungana kuufuta uamuzi wa Tume ya Mishahara uliowapunguzia malipo. Naona ni kuwaonea. Mtu anayetetea tumbo lake haitwi kwa kengele.

Mwaka ninaoupenda zaidi ni 2016. Mwezi wa Machi serikali ilizindua mpango wake wa kutekeleza Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile la mwaka 2000 kuhusu wanawake, amani na usalama. Mpango wetu ukaitwa kwa Kiswahili kizuri kabisa: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Watu wakapiga makofi, mabalozi wakapiga picha. Miezi miwili haijaisha, mswada wa thuluthi ukaletwa kwenu mara mbili, Aprili na Mei, na mara zote mbili kura hazikutosha. Kama kuhusisha ni kudumisha, basi sijui nyinyi mlikuwa mnadumisha nini.

Mashinani nako amani ina utaratibu wake, nami nimeketi humo vya kutosha kuujua. Hema moja, viti vya plastiki safu tatu, safu ya mbele imefunikwa vitambaa. Chifu, wazee, mgeni wa shirika na mpiga picha wake. Kina mama wako upande wa sufuria, wamevaa fulana nyeupe zenye picha ya njiwa, saizi moja kwa wote. Ratiba imechapwa: maombi, mama mchungaji; nyimbo, kikundi cha kina mama; hotuba, kuanzia nambari 3 hadi 14, wanaume watupu; chakula, kina mama. Katika kikao kimoja cha namna hiyo, huko Bonde la Ufa, mama muuza viazi alisimama bila kuitwa. Alisema petroli ilinunuliwa wapi. Alisema ilibebwa kwa mitungi ya lita tano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, na kwamba mmoja wa waliobeba alikuwa ameketi safu ya pili, amevuka miguu. Akaanza kueleza nani alitoa pesa. Mwenyekiti akatazama saa. "Asante sana mama, hilo tutaliweka kwenye kumbukumbu. Chakula kiko tayari?" Kilikuwa tayari. Pilau ilikolea, na ripoti ya kikao ikaandika kwamba wanawake walishiriki kikamilifu.

Kina mama wa Wajir hawakungoja ratiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana, ugomvi ulifika hadi sokoni: mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia hapo hapo, kwamba soko ni la wote, na akitokea wa kuleta chokochoko, wao wapewe habari. Kisha wakawaendea wazee, vijana, na serikali yenyewe, ambayo ilikuwa na bunduki lakini haikuwa na habari. Kamati iliyozaliwa Wajir ndiyo iliyokuja kuigwa na kamati za amani za wilaya nchini. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011. Ilibidi tungoje hadi 2017 ndipo Kaskazini Mashariki nzima impate mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge, Sophia Abdi Noor wa Ijara. Zaidi ya miaka 20, kutoka sokoni hadi kwenye karatasi ya kura.

Nimejaribu kukadiria tutafika lini. Mwaka 2013 wanawake waliochaguliwa katika maeneo bunge 290 walikuwa 16. Mwaka 2017 wakawa 23. Mwaka 2022 wakawa takriban 30. Ni saba kila uchaguzi, mnaona, mna mpangilio. Ukijumlisha wawakilishi 47 wa kaunti na wachache wa kuteuliwa, Bunge la Kitaifa lina wanawake 80 na ushei kati ya wabunge 349, na sheria inadai 117. Kwa mwendo huo, kama hesabu ya shule ya msingi haijanitoka, tutafika 2052. Mtoto aliyezaliwa kambini 2008 atakuwa na miaka 44, umri mzuri wa kugombea.

Kwa mabunge ya kaunti Katiba iliandika dawa yenyewe: matokeo yakitoka, viti vinaongezwa hadi thuluthi itimie. Kwenu haikuandika. Iliwaachia mtafute njia, na hapo ndipo waandishi walipokosea, waliwaamini.

Najua mtasema gharama. Ni hoja ya kweli, na mimi mwenyewe sishabikii viti vya kuongeza, ambavyo baadaye hugeuka matusi: viti vya bwerere, maua ya Bunge. Ila njia rahisi ipo. Vyama vyenu vimpe mwanamke tiketi kwenye ngome, si kule ambako chama hakina hata tawi. Haidai kura 233 wala shilingi ya mlipa kodi, na pengine ndiyo sababu haitajwi. Burundi, iliyotoka vitani, iliandika asilimia 30 katika katiba ya 2005, miaka mitano baada ya wanawake wake kukutana Arusha na kumkabidhi Nelson Mandela madai yao. Rwanda ilipita nusu 2008. Wingi si madaraka, na Kigali itawafundisha hilo pia, lakini ni karibu kwa ndege na nyinyi hampungukiwi ziara za mafunzo.

Badala yake tunapeana mikono. Tarehe 9 Machi 2018, siku moja tu baada ya Siku ya Wanawake Duniani, nchi ilitulizwa kwa salamu ya wanaume wawili, Rais Kenyatta na mpinzani wake, kwenye ngazi za Harambee House. Mwaka 2023, baada ya maandamano na maiti nyingine, ikaundwa Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa yenye watu kumi. Wanaume saba, wanawake watatu. Miongoni mwa mambo iliyopewa kujadili ni utekelezaji wa sheria ya thuluthi mbili, ambayo kamati yenyewe ilikuwa imeivunja kwa mwanaume mmoja. Mwandishi wa vichekesho angeogopa kuandika hivyo, angeambiwa amezidisha chumvi.

Ombi langu ni dogo. Agosti 2027 kuna uchaguzi. Mkiuharibu, hoteli itakodiwa, na kina mama wa kamati za amani watapigiwa simu usiku wa manane kama kawaida, waje wakae katikati ya vijana wenye mapanga. Karani wa Bunge atujulishe mapema, kwa maandishi, ni kina nani watakaoketi mezani, na ni ofisi gani itakayowalipia nauli wale watakaotumwa uwanjani, kwa sababu mara ya mwisho fulana zilifika na nauli haikufika.

Wenu mtiifu, kwa sasa,

Mpiga kura.