Mshenga Anayenuka Petroli

"Mwaja kuposa au mwauza mafuta?"

Aliyeuliza ni baba wa binti, mlangoni pake huko Faza, mbele ya ndugu, jamaa na majirani, akiwa bado ameushika mkono wa ami yangu. Ami alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, kofia ya viua, na udi amejifukiza mpaka kwenye makubadhi. Udi haukufua dafu. Kimya kidogo, kisha kicheko cha wanawake kikaanzia nyuma ya pazia, kikaenea uani, na nadhani hadi leo hakijakwisha.

Kabla ya hapo, tukiwa njiani kwenda Faza, mashine ya boti ilituzimikia ndani ya Mkanda, pale mlango wa maji unapobana kati ya Manda na bara na mikoko inakusogelea kwa pande zote mbili. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Anayeujua Mkanda anajua kwamba haumsubiri mtu: ukichelewa, utakaa juu ya tope ukihesabu kaa mpaka maji yajae tena. Na sisi tulikuwa na sahani za halua, shangazi zangu wamevaa buibui mpya, na miadi ya baada ya swala ya adhuhuri.

Nikavuta kamba. Ikawaka, ikaenda vizuri mpaka tukaanza kuisifu, kisha ikafifia, ikakohoa, ikazima. Nikavuta tena, hadithi ikawa ile ile. Shangazi mmoja akauliza ni nani aliyeitazama boti hii kwa jicho baya kabla hatujang'oa nanga. Mwingine akaanza kugawa halua, maana, alisema, huenda tusifike nayo. Nikachomoa mpira wa mafuta kutazama kama unapitisha. Ulipitisha, ukanilowesha mimi, mbao za sakafu na kile kipira cha kubinya kilicho katikati ya mpira. Wakati huo likapita dau na tanga lake, kimya, halina haraka. Nahodha akainua mkono.

"Salama hapo?"

"Salama!"

Ningemjibu nini, na shati jeupe la posa mwilini?

Nikagundua kwamba kipira kikibinywa mashine inakwenda, kikiachwa inakufa. Mimi nilikuwa na usukani. Aliyekuwa karibu na kipira ni mmoja tu.

"Ami, niwie radhi. Hebu kibinye hicho."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Faza."

Basi mtu aliyesuluhisha nusu ya ndoa za mtaa wetu akachutama nyuma ya boti, akabinya. Alikuwa amekusudia kutumia safari hiyo kupanga maneno yake ya posa. Kila alipofika mahali pazuri, pa kutaja ukoo na heshima, mkono ulisahau, na mashine ikazima. Petroli tupu ingeruka kwa upepo wa njiani. Lakini mashine yetu ni tu-stroki, inakunywa mchanganyiko wa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, na oili hairuki. Oili ikiingia kwenye kiganja na mkono wa kanzu inahamia na kukaa humo.

Tangu siku ile sina mazungumzo mengine ila jinsi mafuta yanavyofika kwenye mashine, na watu wameanza kunikwepa baada ya swala. Tangi limekaa chini, sakafuni. Mashine iko juu, nyuma. Nani anayeyapandisha mafuta? Kiwambo! Kipande chembamba cha mpira, kimebanwa ubavuni mwa injini, hakina umeme wala gia. Pistoni ikipanda na kushuka inavuta na kusukuma hewa iliyo chini yake. Msukumo huo unapitishwa kwenye kitundu hadi upande mmoja wa kiwambo, nacho kinatikisika, na kwa upande wa pili kinavuta petroli na kuisukuma mbele kupitia vali ndogo za njia moja. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kiwambo kinapiga zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Mara themanini! Nimekishika mkononi, chepesi kuliko ngozi ya kitunguu, nikaona haya kwa matusi niliyoyatoa Mkanda.

Mbele yake kuna kabureta, na ndani ya kabureta kuna kibakuli chenye boya. Mafuta yakipungua boya linashuka na sindano inafunguka. Yakijaa linapanda na kuifunga. Juu ya kibakuli hewa inapita kwenye koo lililobanwa, na hewa ikibanwa inakwenda kasi, msukumo wake unapungua, petroli inanyanyuka yenyewe kupitia jeti kuifuata. Mwitaliano Venturi aliandika habari za koo la namna hiyo mwaka 1797. Gramu 1 ya petroli inataka karibu gramu 15 za hewa. Zikizidi sana moto haushiki. Na Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeanza kuuza mashine zake za boti huko Marekani mwaka 1909, husimuliwa kwamba yote aliyaanza baada ya kupiga makasia ziwani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Kumbe hata chombo chenyewe asili yake ni mambo ya posa.

Kinachoniuma ni hiki. Kutoka tangini mpaka kwenye kiwambo mafuta hayasukumwi, yananyonywa. Kwa hiyo mpira ukipasuka huko hautoi hata tone, unaingiza hewa. Ni mrija wa dafu wenye ufa: unanyonya mpaka mashavu yanauma, unapata upepo. Mimi nilitafuta tone, na fundi akatafuta tone. Ufa ulikuwa chini ya banio, kati ya tangi na kipira, umeokwa na jua, mkavu kabisa.

Lakini kabla ya kuuona ilibidi tupitie imani za mafundi. Wa kwanza alibadilisha plagi, kwa kuwa gatini kila ugonjwa ni plagi. Wa pili aliifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Wa tatu alimimina petroli kwenye chupa nyeupe akaiacha itulie, na chini kukatokea maji, kama kina cha ukucha. Hayo hayakuwa yamelipiwa bei ya maji.

Na safari nyingine zina visa vyake. Safari ya Kipungani: sindano ilikwama wazi, kabureta ikafurika, tukarudi kwa tanga la watu. Safari ya Matondoni: mtoto alifunga kitundu cha hewa cha tangi ili vumbi lisiingie, kipira kikanywea kikawa bapa. Siku ya Idi: mtu mnene aliukalia mpira.

Hayo ni ya Mungu. Lisilo la Mungu ni kwamba kila lita ya petroli nchini Kenya ina tozo ya kutengeneza barabara, shilingi 18 zamani, shilingi 25 tangu Julai 2024. Mashine ya nguvu za farasi 40 ukiifungulia yote inakula karibu lita 20 kwa saa. Fanya hesabu: saa moja ya bahari, shilingi 500 za lami. Mjini Lamu njia ni vichochoro vya punda, na punda hanywi petroli. Mvuvi wa Kizingitini analipia daraja asilolijua, wakati mwamba unaomvunjia parafujo hauna hata boya la kumwonya. Nilimuuliza ofisa mmoja jambo hilo. Akanieleza kwa upole kwamba barabara inamfaa hata mvuvi, kwa kuwa samaki wake wanapelekwa sokoni kwa lori.

"Na kutoka kisiwani mpaka kwenye lori wanafikaje?"

Akafikiri.

"Kwa boti."