Anayesomea Nguo Mwacheni Asome

Aah, jamani! Jana hapa hapa kijiweni, kahawa mkononi, mtu mzima kabisa anamuuliza binti wa jirani yetu: "Miaka yote hiyo chuo kikuu, unasomea kushona?" Binti akainamisha kichwa, akapita. Nilisonya jana, na leo nasonya tena. Mtchew!

Nani kawaambia kusomea nguo ni kushona? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya uhandisi wa nguo, na nyingine ya ubunifu na teknolojia ya nguo. Humo mna kemia ya rangi, mna hesabu za nyuzi, mna mashine za kusokota na kufuma. Ukitaka kujua kwa nini kanga hii inachuja maji ya kwanza na ile inadumu miaka, muulize huyo binti. Fundi cherehani namheshimu sana, ndiye aliyenishonea suti ya harusi, lakini kitambaa kinamfikia kikiwa kimeshatengenezwa.

Wapo wanaoingia kwa kuvutwa na jukwaa. Wameona Swahili Fashion Week, aliyoianzisha Mustafa Hassanali mwaka 2008, wakataka na zao zionekane pale. (Mzazi naye anajibu: huyo Hassanali mwenyewe kasomea udaktari!) Wengine waliijaza kozi hiyo mwisho kabisa kwenye maombi, ikawaangukia. Kemia inawapokea mlangoni, sapu zinaanza, huyu anaomba kuhama kozi, yule anadisko. Hawa nawaelewa. Hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza wanakokwenda.

Wanaoniuma ni wale wanaoipenda, wanafaulu, na bado wanaiacha. Kijana mmoja wa mtaa huu alikwenda fildi kwenye kiwanda fulani, wiki zote akawa anahesabu majora stoo. Mashine aliiona kwa mbali. Aliporudi akaniambia, "Mjomba, nikimaliza nauza mitumba." Nilikosa la kumjibu. Mtumba unampa hela jioni ile ile.

Tazameni Urafiki pale Ubungo. Kiwanda kile kilianza 1968 kwa msaada wa China, kikawa kinasokota, kinafuma, kinachapa kanga na vitenge. Mwanza palikuwa na Mwatex, Musoma Mutex. Mtoto wa enzi zile aliijua kazi ya nguo kabla ya kuisomea, kwa sababu shangazi alirudi zamu na vumbi la pamba kichwani. Wa leo anakua akiona mabelo ya mitumba yakifunguliwa soko la Karume. Na pamba bado tunalima! Simiyu, Shinyanga, Mwanza, watu wanaamka alfajiri kuivuna. Lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi ikishatoka kwenye vinu vya kuchambulia inakwenda kuuzwa nje. Sasa hebu fikirini: kusokota, kufuma, kutia rangi, kuchapa, kazi zote anazosomea huyu binti, zinaanza pale pamba ikishachambuliwa. Sisi tunaishia hapo hapo anapotaka kuanzia yeye. Halafu tunawauliza wenzake kwa nini wameiacha fani.

Wenzetu wa Eldoret, kule Kenya, walithubutu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua kiwanda cha Rivatex, kilichokuwa kimefungwa, ili mwanafunzi ajifunze penye mashine zinazozalisha nguo ya kuuzwa. Sisemi kila kitu pale kimenyooka. Nasema walielewa kwamba nguo haifundishwi ubaoni peke yake.

Kwa hiyo wewe mwenye kiwanda, uwe Morogoro, uwe Arusha, mwanafunzi wa fildi akibisha hodi usimpeleke stoo. Msimamishe kwenye mashine, mpe fundi mzoefu wa kumwelekeza, mwache achafuke mikono. Nawe mzee mwenzangu wa jana, binti atapita tena hapa jioni. Mwite, muulize wiki hii amefundishwa nini, kisha umsikilize mpaka amalize.