Heko kwa Ganzi ya Mkono

Hapa nchini tumeshasifu mvua, bendera, daraja jipya na hata kitambi cha mgeni rasmi. Leo naomba nafasi nimsifu mkaguzi wa kazi asiyedai mshahara wala posho ya safari: ganzi ya mkono, ile inayomwamsha fundi cherehani saa nane usiku akabaki ameketi kitandani anakung'uta vidole huku mwenzake akiuliza kulikoni.

Tazameni kwanza nidhamu yake. Kwenye kifundo cha mkono pana njia nyembamba, sakafu na kuta zake mifupa, dari yake ukanda mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mkono ukirudia jambo lilelile kutwa, utando wa kano huvimba, nafasi hupungua, na anayebanwa ni yule mshipa, kwa kuwa ndiye laini kuliko wote. Basi ganzi huingia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Nusu! Kidole cha mwisho hakigusi, maana mshipa wake umepita kwingine. Nitajieni afisa mmoja anayeheshimu mipaka ya wilaya kiasi hicho.

Nasaba nayo anayo. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu cha maradhi ya wafanyakazi, na baadaye akawaongeza makarani. Hao aliona wanaumizwa na mambo matatu: kukaa bila kuinuka, mkono kwenda upande uleule bila kupumzika, na hofu ya kukosea hesabu. Kompyuta haikuwapo, palikuwa na kalamu ya unyoya, na bosi. Mwaka 1895 Mswisi Fritz de Quervain naye akaeleza habari za ndugu wa ganzi, yule mwenye makazi chini ya kidole gumba, ambaye mama anayenyanyua mtoto mchanga mara kwa mara anamfahamu vizuri.

Hana ubaguzi. Humfuata mpika chapati kwenye unga wake, mchuma chai wa Mufindi na wa Kericho, kinyozi, mkamua ng'ombe. Humtembelea mjamzito hata kama hajashika mkasi, maji ya mwili yakizidi, na mara nyingi huaga baada ya kujifungua. Na ni mnyenyekevu: sifa zake zote huwaachia wengine. Watu husema ni baridi yabisi, ni feni, ni jirani mwenye kijicho, naye hanung'uniki.

Wapo wanaomhujumu. Fundi anayenoa mkasi wake, kwa sababu mkasi butu hudai mkono ukaze zaidi. Karani anayesogeza kiti na kushusha kibodi mpaka kifundo kinyooke, na katikati ya kazi huinuka kwenda kunywa maji. Huyo ni mtu hatari kabisa. Mama anayebadilisha mikono anapokamua nguo, au anayemwita mwanawe washike shuka ncha mbili. Wabaya zaidi hulala na banzi lililonyoosha kifundo, maana usingizini tunakunja mikono bila kujua, na ndipo mgeni wetu hupata nafasi. Wakishindwa, humwendea daktari kwa sindano, au mpasuaji akaikata ile dari ili mshipa upumue. Wanaoendelea kusuguliwa dawa ya kuchua na kurudi palepale kwenye kazi ileile, hao ndio wanachama wake waaminifu.

Tena ni mstaarabu: hatuvamii ghafla, hutoa notisi. Mwanzo ni ganzi ya usiku tu. Kisha kikombe kinaponyoka. Asiyesoma notisi kwa muda mrefu huona nyama ya chini ya kidole gumba inasinyaa, na kufunga kifungo cha shati kunakuwa mtihani. Ni tajiri gani huonya hivyo kabla ya kumpunguza mtu kazini?

Nina lawama moja tu kwa mkaguzi huyu. Kwenye karakana ya sare za shule hupita meza kwa meza, akawakagua wakata vitambaa wote na washona vifungo wote. Akifika ofisini kwa mwenye karakana humkuta ameshatia saini yake ya siku, moja, na kalamu ameirudisha mfukoni.